Ukuta wa Chumbani

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Mashujaa Dei. Shujaa wa nyumba hii ni kitanda. Leo tumekisogeza mara ya nne tangu mvua ianze na sasa kiko katikati ya chumba kabisa. Ukitaka kufika kabatini unapanda juu yake na kushuka upande wa pili. Obadiah anasema ni mazoezi.

Ukuta wa nyuma unatoka maji. Ingekuwa ni kuvuja ningejua la kufanya, ningeweka sufuria. Huu unalowa kutoka chini, polepole, unyevu umefika kiunoni mwangu, na kutoka hapo kwenda juu ni ukungu mweusi mpaka dirishani. Jumamosi niliusugua kwa jiki hadi vidole vikachubuka. Leo umerudi, tena umenenepa! Huko nje udongo wa mlima umeshukia ukuta wenyewe, na gata ya maji ya mvua iliyoanguka mwaka jana bado imelala kwenye nyasi. Maji yote ya paa yanamwagika hapo hapo.

Na Obadiah mume wangu? Ametundika kalenda ya kanisa juu ya doa kubwa. Sasa halionekani, akasema, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kazi yake. Seremala mzima, akigonga mbao mara moja anajua kama imeoza, lakini ukuta wa kwake anauvisha kalenda. Nilitaka kukasirika. Akanitazama na yale macho yake, nikacheka.

Halafu akakohoa. Kile kikohozi cha ndani, kinachomfanya ashike meza. Nikaacha kucheka.

Jumatano, 22 Oktoba

Si TB. Nairudia hapa niione kwa macho: SI TB. Majibu ya makohozi yametoka na eksirei pia.

Lakini daktari alisema mapafu yana makovu tangu TB ile ya mwaka juzi, na makovu hayapatani na ukungu. Akauliza nyumba ikoje. Obadiah akasema iko sawa. Mimi nikasema haiko sawa. Daktari akageuza kiti chake akawa anaongea na mimi peke yangu. Apate mahali pakavu kabla mvua haijakolea, akasema, maana akiendelea kulala hapo atarudi hospitali akiwa amebebwa.

Tulipotoka nikamwambia Obadiah, leo tunamwambia Mama Wakesho. Akasimama barabarani. Hapana.

Najua ni kwa nini. Mwaka juzi alipokuwa kwenye dawa, miezi sita, watu walimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Ndugu yake mwenyewe kule Chawia alimtengea kikombe! Ni Mama Wakesho tu — mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na kitu, mlango wake na wetu ni bega kwa bega — ndiye aliyekuja kila asubuhi na uji kwenye thamosi. Anaketi naye juani mpaka amalize. Kunywa mwanangu, vidonge havipendi tumbo tupu. Mimi nilikuwa nakimbia kazini, yeye akabaki. Tangu hapo Obadiah ni mwanawe. Anamchemshia maji ya kuoga, anamrekebishia viti, na akiumwa na goti ni Obadiah anayetumwa dawa.

Mtu aliyeninywesha uji, akaniambia pale barabarani, nimshtaki?

Na mimi nampenda yule mama, ndio shida. Ananiita Mkamba wangu na kuniuliza kama kule kwetu Voi watu huoga au hujipangusa tu vumbi. Kila akipika kimanga bakuli la kwanza ni letu. Lakini uji haukaushi ukuta.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kazi yangu ni kuwachapia watu barua. Mashamba, kesi, maombi ya kazi, talaka — zote zimepita kwenye vidole hivi. Miaka minane, na sijawahi kuchapa hata moja ya kwangu.

Leo Everlyne alikuja kutoa nakala. Ni yule dada wa msaada wa kisheria, mwenye viatu vya kutembea na hana muda wa salamu ndefu. Printa ilikuwa inasumbua kwa hiyo nikamweleza habari yetu, nikisema ni ya rafiki yangu. Akaniuliza huyo rafiki yako anakohoa yeye au bwanake. Ai! Nikakubali.

Akasema hivi. Paa, kuta za nje na mifereji ni kazi ya mwenye nyumba, hata kama hatukuandikiana mkataba. Nyumba ya kupangisha lazima ifae binadamu kuishi. Niandike barua, niweke tarehe, nipige picha, nibaki na nakala. Nimpe muda wa kutosha kurekebisha. Na nisije nikaacha kulipa kodi kwa hasira, hapo nitakuwa nimempa yeye kesi.

Nikasema tumemwambia kwa mdomo mara nyingi. Mmemwambia nini hasa? Kwamba kuna unyevu. Na yeye akafanya nini? Akatuletea makaa tuwashe jiko. Everlyne akaniangalia. Basi, akasema, wewe umeomba makaa.

Barua nimeichapa mara tano. Ya kwanza ilianza, "Mpendwa Mama Wakesho, natumaini u mzima, nasi pia ni wazima isipokuwa ukuta." Everlyne alisoma akasema hii ni barua ya posa. Ya tano ndiyo imekaa kama barua. KUH: UNYEVU NA UBOVU WA NYUMBA. Mapafu ya Obadiah yako kwenye aya ya pili. Nimeomba gata, udongo uondolewe nyuma, na plasta mpya.

Iko kwenye mkoba, kwenye bahasha ya kaki. Obadiah hajui. Nimemkaangia mayai jioni na akaniuliza nimefanya kosa gani.

Jumapili, 26 Oktoba

Ngai wangu. Ngai, Ngai, Ngai.

Niandike kwa mpango. Asubuhi nilimvizia Mama Wakesho akitoka kwenda kanisani. Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno kwao. Alikuwa na kikapu cha ndizi kichwani na kabichi kwapani. Nikampa bahasha. Nikasema, Mama, usome ukipata nafasi. Akaipokea kwa mikono miwili mpaka kabichi ikaanguka. Mungu akubariki Mkamba wangu, hata wewe wa kanisa lingine umetukumbuka! Akaenda.

Nilidhani ni adabu tu. Nikasema kimoyomoyo, mama wa watu, hata barua ya mashtaka anaishukuru.

Saa nane Obadiah akarudi. Hakuketi. Biblia bado iko mkononi. Akaniuliza, Ndila, bahasha za mavuno kanisani kwetu ni za rangi gani?

Kaki. Zote ni kaki! Waligawiwa wiki mbili zilizopita, kila mtu aweke shukrani yake. Mama Wakesho hakuifungua, aliitia kwenye kapu pamoja na yake. Na leo zamu ya kufungua bahasha ilikuwa ya Obadiah na Mzee Reuben, mweka hazina. Mzee Reuben ni mwalimu mstaafu, kitu chochote chenye maandishi anasoma kwa sauti. Alifika aya ya pili kabla ya kushtuka. Mchungaji yuko hapo. Akina mama wawili wako hapo. Na Mama Wakesho alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua kikapu chake.

Nilisikia mapafu yangu yakisomwa mezani, Obadiah akasema, katikati ya sadaka.

Nilimwomba msamaha. Akasema, si mimi wa kuombwa, ni Mama. Akaenda karakana siku ya Jumapili, yeye ambaye hata msumari hagongi Jumapili.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemsalimia Mama Wakesho. Kwawuka mana! Nimesema vizuri kabisa, Kidawida chao chote ninachokijua. Hakuitikia. Aliinama akaokota kuku.

Kuku!

Obadiah alimchemshia maji ya kuoga kama kawaida akayaweka mlangoni kwake. Jioni ndoo ilikuwa pale pale, imepoa. Alisimama akaiangalia kitambo. Nilitamani kumkumbatia lakini bado tunaongea mambo ya chumvi na kiberiti tu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mwandawiro amepiga simu kutoka Mombasa. Huyu ni kijana wa Mama Wakesho, wa pekee wa kiume. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Krismasi, alikuja na gari akaegesha juu ya mboga zangu.

Hakunipa nafasi. Mamake halali. Mamake ameaibishwa mbele ya kanisa. Na ukungu eti tunauleta sisi, tunapika ndani na hatufungui dirisha. Dirisha! Nikamwambia Mwandawiro, dirisha la chumbani ukilifungua unapeana mkono na mlima. Njoo ulifungue wewe. Akasema mwisho wa mwezi ujao tuwe tumehama.

Nilikata simu. Nilichapa cheti cha ubatizo cha mtu nikakosea jina la mtoto.

Everlyne amenituliza. Hakuna kufukuzwa kwa mdomo, akasema, wala kwa sababu umelalamika. Kuna notisi ya maandishi, na hata nikipewa hiyo ninaweza kuipinga mbele ya wanaohusika. Vitu vyangu havitupwi nje bila amri. Akasema tuko upande ulio sawa.

Najua tuko upande ulio sawa. Mbona basi najisikia mwizi?

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua siku tatu. Kalenda imelowa ikaanguka. Obadiah ameshindwa kwenda kazini, ameketi kwenye kiti karibu na mlango kwa sababu akilala hapumui vizuri. Amenishika mkono mchana wote, hata nilipokuwa namenya viazi. Nimemenya kwa mkono mmoja.

Ukuta wetu na wa Mama Wakesho ni mmoja upande wa sebule. Kila Obadiah akikohoa, nasikia huko redio ikipunguzwa.

Jumamosi, 1 Novemba

Asubuhi na mapema, mlango ukasukumwa. Mama Wakesho. Leso kichwani, kikombe cha maji mkononi. Hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja akasimama mbele ya Obadiah.

Siku sita, akasema, nimelala na hasira juu ya mtoto wangu. Na hasira ya mkubwa haikai bure. Wazee wetu walisema inaweza kumkalia mdogo kifuani. Mchungaji asinisikie, lakini ndivyo nilivyolelewa.

Obadiah akajaribu kuinuka. Akamwambia kaa.

Nimewahi kusikia habari za kutasa. Obadiah alinisimulia zamani: mtu mwenye hasira anachukua pombe ya miwa, anaitema kwa kuipuliza, na kwa maneno anautoa moyo wake. Sikuwahi kuona. Huyu ni mama wa kanisa kwa hiyo ni maji ya mtungi. Akayatia mdomoni, akayapuliza sakafuni pfff! mbele ya miguu ya Obadiah. Akasema:

Kama ni moyo wangu umemkalia huyu, nautoa. Kifua chake kipoe. Nyumba yake ipoe. Pfff! Na mkewe naye apoe, huyo ana moto.

Obadiah alicheka na kukohoa pamoja. Mimi nililia kama mtoto. Nilimkumbatia Mama na kikombe chake, maji yakatumwagikia sote.

Ningenyamaza hapo! Mtu mwenye akili angeweka chai. Lakini mdomo wangu ulishafunguka. Mama, nikasema, hasira umeitoa. Na maji ya ukutani nani atayatoa? Yaani umejua miaka yote ukanyamaza.

Akashangaa. Kweli kabisa, hakuigiza. Maji gani? Obadiah huniambia ni unyevu kidogo. Wundanyi nzima ina unyevu.

Obadiah akaangalia vidole vyake vya miguu.

Nikamshika mkono Mama Wakesho nikampeleka. Tulipofika kwenye pazia la chumbani akasimama. Nikamvuta. Hakusogea hata inchi, akawa mzito, mzee yule mwembamba! Akasema, Ndila, mimi ni mama yake. Mama haingii wanakolala mwanawe na mkewe. Hata kwenu haiko.

Hata kwetu haiko.

Miaka mitano! Miaka mitano nasema moyoni huyu anajifanya haoni. Amekaa sebuleni kwetu mara elfu, sebule ambayo iko kavu. Hajawahi kuvuka pazia lile kwa sababu alimfanya Obadiah mwanawe. Kama asingetupenda, angekuwa ameuona huo ukuta siku nyingi.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaishika mbali, akaileta karibu, akauliza kama ni ramani ya Taita. Nikamwambia basi leo ingia kama mwenye nyumba, si kama mama.

Akanirudishia simu. Nikiingia kama mwenye nyumba, akasema, nitatoka nikiwa nani kwake?

Akachukua kikombe chake akaenda.

Jumapili, 2 Novemba

Hatukwenda kanisani. Tumeongea, mwishowe. Obadiah amesema alijua tangu mwanzo kwamba Mama haoni, na ndiyo maana alimwambia ni unyevu kidogo. Alidhani anamkinga. Alilia kidogo, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Tumekubaliana hivi. Tukifika Ijumaa bila kitu kufanyika, tunashuka Voi kwa dada yangu Mutheu. Ana chumba, kuna joto, hakuna ukungu huko hata wa dawa. Obadiah ataacha karakana yake na wateja wake wote, na akiwa na zaidi ya miaka arobaini ataanza upya kwenye mji ambao hajui hata anayeuza gundi. Akasema sawa. Akasema mahali nilipo mimi ndipo kwao. Maneno kama hayo huwa hasemi, kwa hiyo nimeogopa.

Nimempikia kimanga ili kumfurahisha. Kimekuwa kibaya, maharagwe ni mawe. Amekula chote na kuomba kingine.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimechelewa kazini na sijali. Acha niandike.

Saa moja unusu tulikuwa tunakunywa chai. Mlangoni, sauti: Hodi.

Tuliangaliana. Mama Wakesho haanzi na hodi kwetu, yeye husukuma tu mlango akiwa ameshaanza kuongea. Nikafungua. Amevaa lile koti lake la kwenda benki na miwani. Akamwambia Obadiah, nenda karakana. Obadiah akasema Mama, sijamaliza chai. Nenda nayo. Sitaki unione.

Akaenda na kikombe chake. Aligeuka mara mbili njiani.

Nikasema, karibu Mama. Akainua mkono. Leo usiniite mama, kidogo tu. Nikimaliza utaniita tena.

Aliposhika pazia nilimwona akifumba macho. Akavua viatu. Akaingia.

Nilimfuata. Aliangalia kitanda pale katikati ya chumba, godoro tulilolisimamisha likauke, shati la Obadiah la kanisani lenye madoa meusi kolani. Akaugusa ukuta kwa kidole, halafu kwa kiganja, halafu akaegemea kwa mkono wote. Plasta ikamdondokea miguuni. Akasema, bila kugeuka, hapa ndipo alipolala akinywa zile dawa? Nikasema ndiyo. Na mimi nikimletea uji hapo nje? Ndiyo.

Niache kidogo, akasema.

Kwa hiyo niko sebuleni. Namsikia anavuta pumzi. Amekohoa mara moja. Sasa anakwangua kwa kucha. Sijui atatoka akisema nini. Anaweza kusema tuhame, kwa aibu tu. Namjua, aibu yake ni kubwa kuliko hasira. Chai imepoa.

Simu yake inalia. Ni Mwandawiro, nasikia sauti yake mpaka huku kwa sababu Mama huweka spika. Anamuuliza amelalaje, na kama wale watu wameanza kufunga vitu.

"Niko chumbani kwa Obadiah," anasema Mama Wakesho.

Yule ni Mdawida, hahitaji kuelezwa mama haingii wapi.

"Uko wapi?"

"Umenisikia. Wanakolala. Mkono wangu uko kwenye ukuta. Sasa nyamaza Mwandawiro, mimi ndio nitaongea."